Damu ya shemeji kwenye tundu la gego

Mimi ni mtu wa maabara, na maabara haina mashabiki. Mgonjwa akipona humshukuru daktari, asipopona huuliza kama vipimo vilisomwa vizuri. Damu huja kwangu ikiwa ndani ya chupa, haina uso, na majibu huondoka kwenye karatasi. Kwa hiyo kliniki moja ya meno hapa Moshi iliponiomba niwe napita kwao siku za upasuaji kutoa damu na kuizungusha, sikuuliza malipo kwanza, jambo ambalo mume wangu hajalisahau.

Wenyewe wanaiita PRF, kifupi cha Kiingereza cha platelet-rich fibrin. Daktari anang'oa jino. Pembeni mimi natoa damu ya mgonjwa huyohuyo, naiweka kwenye mashine, na baada ya dakika chache linatoka bonge la manjano ambalo daktari analipachika kwenye tundu la jino na kulishonea humo. Tangazo lililobandikwa mapokezi linasema "tiba ya kisasa ya kurejesha seli". Ningeachiwa mimi kuandika, ningeandika "bonge la damu lililoandaliwa vizuri". Najua hakuna atakayetoa hela kwa ajili ya bonge la damu. Lakini ndicho kitu chenyewe, na wagonjwa wakishanijua wananiuliza kona ya korido: dada, hii kitu ni kweli au ni biashara? Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, ndiyo maana naandika.

Anza na jino linalotoka bila mbwembwe yoyote. Tundu hujaa damu, damu huganda, na juu ya bonge hilo ndipo kidonda huanza kujijenga. Mishipa midogo ya damu huingia ndani yake katika siku za mwanzo, nyama changa hujaza, ufizi huziba juu baada ya wiki tatu au nne, na mfupa huendelea kujijaza chini kwa miezi. Wanaoanzisha kazi yote hiyo ni chembe sahani. Ni vipande vidogo visivyo na kiini, vinavyomeguka kutoka kwenye chembe kubwa za uboho, na vinaishi siku 7 hadi 10 tu halafu basi. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Chukua mtu mwenye 250,000: chupa moja ya mililita 10 imebeba bilioni mbili na nusu.

Kila mtu anajua kwamba chembe sahani huziba penye tundu. Kisichojulikana sana ni kwamba zina vifuko ndani vilivyojaa protini, na zikishaamshwa huvimwaga. Protini hizo ndizo vichocheo vya ukuaji: huziita chembe nyingine zije kwenye jeraha, huzihimiza zigawanyike, na huchochea mishipa mipya ya damu kuchipua. Mtaji wote wa tiba hii uko hapo. Badala ya kusubiri bonge lijitengenezee lenyewe kwenye tundu lenye mate na vipande vya jino, unalitengeneza nje, ukiziacha chembe nyekundu pembeni na kukusanya chembe sahani, sehemu kubwa ya chembe nyeupe na nyuzi za fibrini, protini inayogandisha damu, zinazozishikilia.

Na bonge likikataa kukaa? Kuna kitu madaktari wa meno wanakiita tundu kavu, na aliyewahi kukipata hahitaji kuelezwa. Mgonjwa huondoka kliniki akiwa na nafuu, halafu kati ya siku ya pili na ya nne maumivu yanarudi makali kuliko yale ya jino lenyewe, yanapanda mpaka sikioni, mdomo unanuka, na daktari akichungulia anaona mfupa mtupu. Kwa meno ya kawaida humpata mtu 1 hadi 5 kati ya 100. Kwa gego la mwisho la chini baadhi ya taarifa hufika 30 kati ya 100. Anayevuta sigara yuko kwenye hatari zaidi. Vilevile mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango, na yeyote ambaye jino lake lilitoka kwa kupiganiwa.

Shemeji yangu alikuwa na gego la mwisho la chini na alikuwa na sigara.

Ameoa mdogo wangu. Ni Mmeru wa Maji ya Chai, mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, mtu wa kubeba kilo 20 kuvuka msitu huku anasimulia hadithi. Meno yake yana ile rangi ya kahawia ya watu waliokulia kwenye maji ya upande ule wa Mlima Meru, maji yenye floridi iliyopita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Wageni humwuliza kama anatafuna kitu. Yeye huwaambia ni kahawa ya Kilimanjaro, na wengine huandika.

Rangi haikuwa na uhusiano wowote na gego. Gego lililala ndani ya taya likimsukuma jirani yake, na ufizi uliolifunika nusu ukawa unaingiza chakula na kuvimba kila baada ya muda. Mara ya mwisho uvimbe ulimkutia mlimani, akashuka hawezi kufungua mdomo zaidi ya upana wa kijiko. Daktari akaangalia eksirei akasema litoke, na litoke kabla msimu haujachanganya. Akaongeza kwamba kwa jinsi lilivyolala, na kwa mvutaji, angependa aweke PRF. Bei yake ilizidi bei ya kung'oa jino lenyewe.

Kikao kikakaliwa Kibosho, nyumbani kwa mama yangu, kwa sababu kwetu hela ikizidi kiasi fulani haitoki bila kikao.

"Shemeji," akaniambia, "yaani mnanitoa damu, halafu mnanirudishia mdomoni?"

"Ndiyo."

"Sasa hicho si kisusio, ile supu yenu ya damu ya mbuzi? Ninyi Wachaga mmezidi. Mmemaliza mbuzi, sasa mmehamia kwa wakwe."

Watoto waliangua kicheko mpaka wakatolewa nje. Mama hakucheka. Alisubiri kelele ziishe akauliza: "Na hiyo damu itakayobaki, mwanangu, wanaipeleka wapi?"

Swali hilo nalipata maabara mara nyingi, na wapo wenzangu wanaolichekea. Mimi silicheki. Mtu anayo haki ya kujua kipande cha mwili wake kinaishia wapi, awe anaogopa wachawi au anataka tu kujua. Nilimweleza kwamba sehemu nyekundu hubaki kwenye chupa, chupa huingia kwenye ndoo ya taka hatarishi, na ndoo huenda kuchomwa kwenye tanuri. Mama akasema sawa, lakini mkwe wake, Baba Neema, akaione hiyo ndoo kwa macho yake. Siku ya siku akaomba aonyeshwe, na muuguzi, Mungu ambariki, alimwonyesha bila kukunja uso.

Sasa niwaeleze ninachofanya mimi, maana hapa ndipo pesa ya mgonjwa inapofanya kazi au kupotea.

Daktari akishachoma ganzi, kuna dakika za kusubiri ishike. Hapo ndipo ninapofunga mkono na kutafuta mshipa. Wapagazi wana mishipa ya kumfurahisha mtu wa maabara. Ule wa shemeji ningeupata gizani. Natumia sindano ya kipepeo na chupa za kioo zenye kifuniko chekundu, ndani hazina kitu chochote. Damu ikigusa kioo mchakato wa kuganda unaanza, na hicho ndicho tunachokitaka. Chupa yenye kifuniko cha zambarau, ile tunayopimia wingi wa damu, ina dawa ya kuzuia kuganda. Ukiitumia hupati bonge, unapata safu tatu za majimaji na mgonjwa aliyetobolewa bure. Ya kifuniko cha njano ina jeli ya kutenganishia, nayo haifai kabisa kwenda kwenye kidonda cha mtu. Za plastiki zenye unga wa silika wa kuharakisha kuganda zinatoa bonge, na baadhi ya kliniki huzitumia kwa sababu ziko kila duka la vifaa vya hospitali, lakini kuna watafiti walioonya kwamba chembe za ule unga hubaki kwenye bonge. Mimi nasimama na kioo.

Baada ya hapo ni mbio. Hakuna dawa ya kuzuia, kwa hiyo damu inaanza kuganda mara moja. Kutoka chupa ya kwanza kujaa mpaka mashine kuanza kuzunguka nataka isizidi dakika moja na nusu hivi. Ukichelewa, fibrini inajishika kabla chembe hazijapangwa na unatoa uteute usio na umbo. Ndiyo maana simu yangu huwa nje ya chumba, na ndiyo maana huandika jina kwenye chupa kabla sijashika mkono wa mgonjwa. Hii tiba inasifiwa kwa sababu damu ni yako mwenyewe, haina hatari ya kukuletea ugonjwa wa mwingine. Sifa hiyo inakufa siku wagonjwa wawili wakizungushiwa damu kwa pamoja na mtu asiyeandika majina.

Mashine inazunguka. Chembe nyekundu, nzito, zinakwenda chini. Juu kabisa yanabaki majimaji ya rangi ya majani makavu. Katikati linasimama bonge la manjano, lenye utelezi, limeshika mkia wa nyekundu. Ukilivuta kwa kibano linatoka lote. Halafu unakata ule mkia, na hapa mkono usiwe na pupa: chembe sahani nyingi zimelala palepale kwenye mpaka wa manjano na nyekundu, kwa hiyo kipande chembamba cha nyekundu lazima kibaki. Nimeona mtu akilisafisha bonge likang'aa, limependeza kweli, na sehemu yenye thamani ameiacha kwenye chupa.

Mabonge ya shemeji yalikuwa mafupi. Alikunja uso akidhani damu yake imefeli mtihani. Si hivyo: mwenye chembe nyekundu nyingi safu ya chini hula nafasi ya chupa, bonge linabaki dogo. Wanawake kwa kawaida hutoa mabonge makubwa kuliko wanaume kwa sababu hiyohiyo. Nilimtolea chupa nne. Mabonge mawili yakaingia tunduni yalivyo, mengine mawili yakawekwa kwenye boksi la chuma lenye matundu, yakakandamizwa taratibu yakawa utando, daktari akaufunika juu na kupitisha nyuzi.

Ngoja nitoe dukuduku kidogo. Maelekezo yanayotembea sana yanasema: mizunguko 2700 kwa dakika, kwa dakika 12. Watu wanayabandika ukutani. Lakini mizunguko peke yake haisemi kitu. Nguvu inayoisukuma damu inategemea pia umbali kutoka katikati ya mashine hadi ilipo chupa. Kwa mizunguko 2700, kila sentimita ya umbali huo inaongeza nguvu karibu mara 82 ya mvutano wa dunia. Mashine ndogo ya kliniki ina sentimita 8 hadi kitako cha chupa: hapo ni kama mara 650. Mashine kubwa ya maabara ninakofanya kazi ina sentimita 15. Ukiiweka kwenye 2700 ileile unapata zaidi ya 1,200, karibu mara mbili, na chembe ulizotaka zibaki kwenye bonge zinasukumwa chini. Ili ifanane na ile ndogo lazima uishushe mpaka karibu 1970. Hesabu hii ni ya mwaka wa kwanza chuoni. Hata hivyo kuna tafiti zilizochapishwa ambazo zimeandika mizunguko na dakika tu, hazikutaja umbali, halafu watu wanashangaa kwa nini matokeo ya mji mmoja hayafanani na ya mji mwingine. Kuna pia maelekezo mapya yanayopunguza kasi, kwa mfano mizunguko 1300 kwa dakika 8, yakilenga kubakiza chembe nyingi zaidi ndani ya bonge. Sina ugomvi nayo. Ila nipe na umbali.

Na mashine isimame kwenye meza isiyotikisika. Na chupa zikae mkabala, uzito sawa, hata kama ya upande wa pili ina maji. Mtetemo unaharibu bonge.

Halafu kuna umeme. Siku moja mwalimu mmoja mstaafu alikuwa kwenye kiti, mashine imefika katikati, umeme ukaenda. Mashine ikapunguza mwendo ikalala. Huwezi kuiwasha tena ukaendelea ulipoishia, damu imeshajigandia kwa mpangilio wake yenyewe. Ikabidi nimtoe nyingine mkono wa pili. Alivumilia kistaarabu, akaniuliza tu kama ya kwanza atarudishiwa. Siku hizi kliniki imeweka betri inayodaka umeme unapokatika, na mimi hukagua taa yake kabla ya kufungua hata bomba la sindano.

Historia yake ni fupi na nitaipita haraka. Mwaka 1998 Robert Marx na wenzake huko Marekani walichapisha kazi iliyowashtua madaktari wa upasuaji wa taya: plazma, yaani majimaji ya damu, yenye chembe sahani nyingi, PRP, ikichanganywa na vipandikizi vya mfupa. Ilihitaji dawa ya kuzuia kuganda kwanza, kisha kuigandisha tena kwa kalsiamu na thrombini, protini ya kugandisha damu, iliyotoka kwa ng'ombe. Mwaka 1999 Eduardo Anitua wa Hispania akaleta njia yake isiyotumia thrombini ya mnyama. Mwaka 2001 Joseph Choukroun na wenzake wa Ufaransa wakasema: mbona tunazuia damu kuganda halafu tunahangaika kuigandisha? Wakaacha kuweka chochote. Chupa tupu, mzunguko mmoja, basi. Ndiyo PRF. Nampenda Mfaransa huyu kwa sababu njia yake inawezekana Moshi. Haihitaji kemikali ya kuagiza wala jokofu.

Kweli au biashara, basi?

Tafiti zipo nyingi, na nyingi kati ya zile za magego ya mwisho zinatumia ujanja mzuri: mtu mmoja ang'olewe gego la kushoto na la kulia, upande mmoja uwekwe bonge la mashine, wa pili uachwe. Umri uleule, sigara zilezile, mdomo uleule. Zikijumlishwa, zinaelekea kuonyesha maumivu kidogo siku za mwanzo, ufizi unaofunga mapema, na tundu kavu chache. Kwenye mfupa mambo yana mashaka: wengine wanaona mfupa unajaa haraka zaidi, wengine hawaoni tofauti ya maana baada ya miezi. Na tafiti nyingi ni ndogo, kila moja na mashine yake, na mgonjwa aliyetolewa damu mara nyingi anajua fika amefanyiwa kitu, jambo linalomfanya aripoti maumivu machache. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, kuhusu tundu kavu yalikuta kwamba kusukutua kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni, kabla na baada ya kung'oa pengine hupunguza hatari hiyo. Kuhusu plazma ya chembe sahani yalisema ushahidi hautoshi kutoa uamuzi. Klorheksidini inauzwa famasia yoyote mjini.

Msimamo wangu ni kwamba ni kweli, lakini ni kweli ndogo. Kwa gego la mwisho la chini lililolala, kwa mvutaji, kwa mtu ambaye tayari aliwahi kupata tundu kavu, au kwa anayepanga kuwekewa jino la kupandikizwa na anataka tundu lifunge vizuri, naona hela yake ina kazi. Kwa jino la mbele lenye mzizi mmoja linalotoka kwa kuguswa, hapana. Na kwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema: bonge lake linaweza kuchelewa kushika na kuwa legelege, na mimi na daktari tunapaswa kujua hilo kabla ya sindano, tusiligundue kwenye kibano.

Kuna kitu kinanikera kwenye matangazo. Yanamfanya mgonjwa aamini kwamba akishawekewa bonge la mashine, masharti mengine yamefutwa. Hayajafutwa. Pamba ing'atwe vizuri. Hakuna kusukutua kwa nguvu siku ile, hakuna kunyonya kwa mrija, hakuna kutematema mate, hakuna sigara. Chakula laini, vuguvugu. Kwetu hilo si tatizo: mama alituma mtori wa kutosha ukoo, na shemeji akaambiwa mbege aisahau kwanza. Utando wa fibrini unadumu wiki moja hadi mbili kabla haujayeyuka, na huachia vile vichocheo pole pole kwa muda wa siku saba hivi. Ukiung'oa siku ya kwanza kwa kunyonya soda, umetupa damu na hela kwa pamoja.

Alilia zaidi kuhusu mlima. Kundi lake lilikuwa linaondoka wiki ileile kwa njia ya Machame, na alikuwa ameshajihesabia malipo na bakshishi. Daktari alikataa katakata. Kubeba mzigo kunapandisha shinikizo la damu kichwani na kidonda kinaweza kuanza kuvuja. Na likitokea tatizo ukiwa kambi ya Barafu, daktari wa meno wa karibu yuko chini kabisa, mjini. Shemeji akajaribu kupitia kwangu. "Shemeji, si umeniwekea dawa ya kisasa? Si ndiyo ya kuponesha haraka?" Nikamwambia nimemwekea damu, sijamwekea mabawa. Akabaki, akanuna, nafasi yake ikachukuliwa na binamu yake.

Siku ya tatu nilimpigia, maana hiyo ndiyo siku ninayoiogopa. Mdogo wangu ndiye aliyepokea. Akasema mgonjwa yuko nje anagombana na jirani kuhusu mpira, shavu limevimba kidogo, maumivu anayatuliza kwa parasetamo. Wiki ilipoisha daktari akatoa nyuzi, ufizi ulikuwa wa waridi na kingo zimesogeleana vizuri. Kila mtu akanipongeza. Halafu mdogo wangu akanivuta pembeni akasema alizificha sigara zote, akawaonya wenye vibanda vya mtaa mzima wasimuuzie hata moja mpaka atakaporuhusu yeye. Sasa sifa ni ya nani, ya mashine yangu au ya mke wake? Mdomo mmoja haujibu swali hilo, na kwa ninavyomjua mdogo wangu, mimi ningempa yeye nusu nzuri.

Ambaye hakubahatika, asibaki na maumivu akisubiri yaishe yenyewe. Arudi. Tundu kavu husafishwa na kuwekwa dawa, na mojawapo ya zinazotumika tangu zamani ina eujenoli, mafuta ya karafuu. Pemba imewahi kutuliza midomo mingi kabla ya mashine yangu kuzaliwa. Ila asijimwagie mafuta ya karafuu ya sokoni tunduni mwenyewe, yanaunguza.

Ukienda kliniki yoyote ukaambiwa kuhusu huduma hii, uliza mambo machache bila aibu. Chupa ni za kioo au za plastiki? Nani anatoa damu, na jina langu linaandikwa saa ngapi? Umeme ukikatika katikati mna nini? Na kwa nini jino langu hili linaihitaji? Hilo la mwisho ndilo linalowafanya wengine wakohoe.

Mama naye ameanza. Jino lake la mbele la chini limelegea, linacheza kwa ulimi, daktari kasema litatoka kwa dakika moja. Jumapili baada ya ibada akaniuliza nitakwenda lini kumtolea ile damu ya kuzungusha. Nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi hapa: mzizi mmoja, tundu dogo, havuti sigara, hajawahi kupata shida ya kuganda, hela hiyo bora ikae kwa ajili ya meno ya bandia. Alinisikiliza hadi mwisho, akatengeneza kanga yake begani.

"Kwa hiyo mkwe anawekewa," akasema, "halafu mimi niliyekuzaa naambiwa nisukutue."

Nimemnunulia klorheksidini. Jino linatoka wiki ijayo, na amesema atakwenda na mkwe wake, mimi nisisumbuke.